Kabla ya kununua bobini, uliza ile ya kwanza iliuawa na nini

Gari linaingia garajini likitetemeka kwenye ralanti (motere, yaani injini, ikizunguka bila kukanyaga mafuta), kapo (boneti) inacheza, na mwenye gari ameshashika mkononi bobini mpya, kile kifaa kinachotengeneza umeme wa cheche. Kuna mtu alimwambia njiani kwamba silinda moja haipigi, akapita Birere, mtaa wa maduka hapa Goma, akanunua. "Fundi, funga tu hii, niko na haraka." Inafungwa, motere inatulia, anaondoka na furaha yake. Miezi miwili mitatu ikipita gari linarudi na ugonjwa uleule, mara nyingi kwenye silinda ileile, na sasa lawama zote zinamwangukia aliyeuza bobini.

Hapa Goma mzunguko huo umetufundisha jambo moja: bobini mpya haifungwi kabla ya kuchomoa buji iliyo chini yake, ile inayorusha cheche ndani ya silinda, na kumulika tochi ndani ya kishimo inamokaa. Bobini halisi ya Toyota ni kifaa kigumu. Nyingi tunazozikuta zikipiga vizuri ni zilezile zilizotoka kiwandani na gari, na gari limeshavuka kilomita 150,000. Ikifa, karibu kila mara kuna kilichoiua: buji iliyolika, oili iliyovuja, maji, fishi (kiunganishi cha nyaya) iliyolegea, chaji ya umeme iliyopita kiasi. Ukikiacha hicho ndani, kitaiua na ya pili.

Tunasema bobini na buji kwa sababu Kifaransa ndicho kilichotuletea majina hayo. Wenzetu wa Tanzania na Kenya wanasema koili na plagi, na kitu ni kilekile. Maelezo haya ni ya magari ya petroli yaliyojaa mjini kwetu: Ist, Vitz, Probox na Fielder zenye motere ya 1NZ-FE, Corolla za 1ZZ-FE, na RAV4 za 1AZ na 2AZ. Zote zina bobini moja kwa kila silinda, imekaa moja kwa moja juu ya buji, bila nyaya nene za zamani. Mwenye dizeli asisumbuke, motere yake haina bobini wala buji ya cheche.

Kazi ya bobini ni kuchukua volti 12 za batri na kuzifanya maelfu, ili umeme uweze kuruka pengo la milimita moja hivi kwenye ncha ya buji. Ndani kuna kiini cha chuma kilichozungushiwa nyaya mbili za shaba. Wa kwanza ni mnene kiasi, umezungushwa mara mia moja hadi mia mbili. Wa pili ni mwembamba kama unywele, nao mizunguko yake inapita elfu kumi. Kalkilatere ya gari, kompyuta inayoongoza motere, inafungulia umeme waya wa kwanza kwa milisekunde 2 hadi 4 tu. Umeme unapanda hadi ampea 6 au 8 na kiini kinageuka sumaku. Halafu inaukata ghafla. Sumaku inapoanguka, waya wa kwanza unazaa volti 300 au 400, na wa pili, wenye mizunguko karibu mara mia, unaweza kufika volti 30,000 na kupita. Kwa hiyo cheche inatoka pale umeme unapokatwa. Motere ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila bobini inafanya hayo mara 25 kwa sekunde, sawa na mara 90,000 kwa saa moja ya safari.

Sasa hapa ndipo penye siri yenyewe, na tunaomba msomaji asipapite haraka. Bobini haitoi volti 30,000 kila mara. Volti zinapanda mpaka cheche iruke, na cheche ikisharuka hazipandi tena. Anayeamua zifike wapi ni buji. Buji nzuri yenye pengo la milimita 1.1, motere ikiwa kwenye ralanti, inaridhika na volti elfu nane au kumi. Ukikanyaga mafuta mlimani, silinda inajaa hewa, shinikizo linapanda, na buji ileile inadai elfu kumi na tano au ishirini. Buji iliyolika mpaka pengo likafika milimita 1.5 inadai zaidi kila dakika, mchana na usiku. Na volti zikikosa njia kwenye ncha ya buji zinatafuta njia nyingine: zinatoboa mpira wa bobini na kurukia chuma cha kishimo, au zinatoboa kihami (kizuizi cha umeme) cha ndani, waya wa pili ukaguswa na jirani yake. Kitobo kinaanza kidogo kama ncha ya sindano. Kila cheche inayopita inaacha kaboni, na kaboni inapitisha umeme, kwa hiyo cheche inayofuata inaona barabara imeshatengenezwa.

Ndiyo maana gari linatulia kabisa kwenye tambarare ya Himbi, halafu linakohoa likianza kupanda kutoka Sake kwenda Masisi. Watu wengi husikia hivyo wakakimbilia pampu ya mafuta. Pampu inaweza kuwa na makosa, lakini gari linalokohoa chini ya mzigo tu, na kutulia ukiachia mafuta, kwanza lichunguzwe cheche. Hata mwinuko wa mji wetu unaingia katika hesabu hii. Goma iko kama mita 1,500 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, silinda haijai kama kule chini, kwa hiyo buji inadai volti pungufu kidogo. Bobini dhaifu inayovumilia hapa inaweza kuanza kusumbua gari likishuka Uvira, karibu mita 800, ambako silinda inapata hewa nzito zaidi. Mwenye gari atasema limeharibikia Uvira. Liliondoka Goma likiwa gonjwa.

Dalili nyingine zinajulikana: mtetemo kwenye ralanti, nguvu kupungua, harufu ya petroli kwenye eshapma (bomba la moshi), matumizi ya mafuta kupanda, taa ya motere kuwaka. Taa hiyo ina lugha mbili. Ikiwaka bila kupepesa, kuna kosa limeandikwa na una muda wa kufika garajini. Ikipepesa, silinda inatupa petroli isiyoungua kwenye eshapma, na petroli hiyo inakwenda kuungulia ndani ya katalizere (kisafisha moshi kilicho kwenye eshapma) na kuiyeyusha. Punguza mwendo, usikanyage. Ukiwa mbali, kama Rutshuru au Minova, na hakuna wa kukusaidia, zima motere, tambua silinda isiyopiga, chomoa fishi ya injekta (inayonyunyizia petroli) ya silinda hiyo. Gari litakwenda na silinda tatu, kwa unyonge, lakini petroli haitaosha oili kwenye kuta za silinda wala haitachoma katalizere. Ni msaada wa kukufikisha nyumbani tu.

Kutambua silinda ndiyo kazi inayofanywa vibaya kuliko zote. Tumeona mafundi wakinyanyua bobini kutoka kwenye buji huku motere inazunguka, wasikilize mlio wa cheche. Usifanye hivyo hata mara moja. Bobini iliyonyanyuliwa haina pa kurukia, volti zinapanda mpaka mwisho wa uwezo wake, na kinachotobolewa ni kihami chake mwenyewe au kidole chako. Bobini iliyoingia nzima inatoka na kidonda ambacho kitafunguka wiki tatu baadaye. Ukitaka kujaribu silinda moja moja, zima motere, chomoa fishi ndogo ya volti 12 ya bobini moja, washa, sikiliza sekunde chache, zima, rudisha. Silinda ambayo ukiichomoa motere inazidi kutetemeka ilikuwa ikifanya kazi. Ile ambayo ukiichomoa hakibadiliki kitu ndiyo inayolala.

Mwenye skana anaanza mbele zaidi. Hata kile kifaa kidogo cha bluetooth cha ELM327 na programu ya simu kinatosha kwa magari mengi. P0301 hadi P0304 zinataja silinda isiyopiga, ya kwanza hadi ya nne. P0300 inasema kukosa kupiga kunahamahama. P0351 hadi P0354 zinasema kalkilatere haioni bobini ya silinda hiyo ikifanya kazi, na hapo makosa yanaweza kuwa kwenye nyaya. Lakini magari yetu mengi yalitengenezwa kwa soko la Japani, usukani kulia, na yale ya zamani kidogo hayazungumzi na kila skana. Kwenye Toyota hizo kuna njia ya waya mfupi: kwenye fishi ya uchunguzi yenye matundu 16, unaunganisha tundu la 4 na la 13, unafungua kontakti (swichi ya ufunguo) bila kuwasha motere, na taa ya motere inapepesa namba ya kosa. Hesabu matundu mara mbili. Tundu la 16 lina umeme wa batri muda wote, na ukiligusa na la 4 unaunganisha batri moja kwa moja na ardhi.

Namba haisemi "nunua bobini". P0302 inasema silinda ya pili haipigi, basi. Inaweza kuwa bobini, buji, injekta, valvu, au pistoni iliyochoka. Jaribio linaloamua halina gharama: hamisha bobini ya silinda ya 2 uiweke kwenye ya 4, na ya 4 kwenye ya 2. Futa kosa, endesha mpaka motere ipate moto kabisa, tafuta mlima. Kosa likihamia P0304, bobini imehukumiwa. Likibaki P0302, hamisha buji kwa njia hiyohiyo. Likibaki tena, acha bobini na buji, pima shinikizo la silinda na uangalie injekta. Kupata moto ni sharti. Bobini yenye ufa mdogo hupiga vizuri ikiwa baridi, na baada ya dakika ishirini thelathini vitu vya ndani vinatanuka, ufa unafunguka, cheche inapotea. Aliyejaribu kwa dakika tatu mbele ya garaji hajajaribu kitu.

Na namba ikihamahama, leo silinda ya 1, kesho ya 3, kesho kutwa zote, fikiria kwanza tangi. Petroli ya bidoni inayouzwa kandokando ya barabara mara nyingine ina maji au imechanganywa na mafuta ya taa. Hatusemi hivyo kuwadharau wanaoiuza, kuna siku wao ndio waliotuokoa. Tunasema tu kwamba bobini nne hazifi kwa siku moja, isipokuwa umeme wa gari zima umevurugika.

Tuje kwenye kazi yenyewe. Motere iwe baridi, ipumzike saa moja au zaidi, kwa sababu kichwa cha motere ni cha alumini na nyuzi zake hulika buji ikifunguliwa ya moto. Ondoa ufunguo, legeza waya wa hasi wa batri kwa kle (spana) ya 10. Toa kifuniko cha plastiki cha juu. Halafu, kabla ya kugusa bolti yoyote, safisha. Huku kwetu hatua hii haina mjadala. Vumbi jeusi la lava linaingia kila mahali, na linajikusanya pembezoni mwa bobini kama unga. Ni mawe yaliyosagika, makali, na ukinyanyua bobini bila kusafisha yanateremka kishimoni. Ukitoa buji yanaingia silindani, na huko yanakwaruza pistoni na kuta. Tumia kompresa, na kama hakuna, brashi ya rangi na kitambaa, kisha pampu ya matairi. Chukua dakika kumi, hazipotei.

Fishi inachomolewa kwa kubonyeza kilimi chake na kuvuta plastiki, kamwe usivute nyaya. Plastiki ya miaka ishirini iliyokaa juu ya moto inavunjika kama biskuti, kwa hiyo bonyeza taratibu kwa ncha ya turnavisi (bisibisi) ndogo. Bolti ya bobini ni ya kle ya 10, moja tu. Ukishaitoa, zungusha bobini kushoto na kulia mpaka mpira uachie buji, ndipo uvute juu wima. Anayevuta kwa upande anakata mpira au anavunja shingo ya bobini. Mpira ukibaki chini, uingilie kwa pense ndefu nyembamba. Weka bobini kwa mpangilio wa silinda zake, au ziandike namba, maana utataka kujua kila moja ilitoka wapi.

Sasa tochi. Kishimo kikavu, chenye rangi ya alumini, ni habari njema. Ukiona oili inang'aa chini, au buji imezama, juwe (gasketi) ya kifuniko cha valvu au pete za mpira zinazozunguka vishimo zimekauka. Oili inaulainisha mpira wa bobini mpaka unavimba na kupasuka, na volti zinapitia hapo. Inyonye kwa kitambaa kilichoviringishwa kwenye turnavisi ndefu kabla ya kufungua buji, la sivyo yote itashukia silindani. Halafu juwe ibadilishwe siku hiyohiyo. Kufunga bobini mpya juu ya kishimo chenye oili ni kutupa pesa ya mteja, na tunaona ni wajibu wa fundi kukataa, hata mteja akikasirika.

Maji yanaacha alama tofauti: kutu kwenye chuma cha buji, unga mweupe au wa kijani kwenye springi ya bobini. Yanatoka kwenye kuosha motere kwa bomba la nguvu, au kwenye mvua inayochuruzika kutoka chini ya kioo cha mbele kwa sababu mifereji yake imeziba majani. Gari lililooshwa motere asubuhi na kuanza kukohoa mchana halihitaji bobini mpya bado. Chomoa zote nne, kausha vishimo, kausha mipira, acha jua lifanye kazi yake saa moja, jaribu tena. Ukitaka kuosha motere, tumia brashi na kitambaa chenye maji kidogo.

Buji inatoka kwa soketi ya 16 kwenye motere hizi, yenye mpira au sumaku ndani ili isianguke. Zipange nne kwenye kitambaa na uziangalie kama daktari. Kahawia hafifu, sawa. Nyeusi yenye masizi makavu, petroli imezidi au haikuungua. Nyeusi yenye oili, pete za pistoni au mipira ya valvu. Kwenye kauri nyeupe, tafuta mstari mwembamba mweusi uliosimama wima: hapo cheche ilikuwa ikiteremka nje badala ya kuruka ndani, na ukigeuza mpira wa bobini utakuta mstari pacha. Vyote viwili vinatupwa pamoja, kwa sababu kila kimoja kitaharibu mwenzake mpya. Ila ile pete ya kahawia chini kabisa ya kauri, inapokutana na chuma, haina ubaya. Ni vumbi la oili linalovutwa na umeme mkali, na buji nyingi nzima zimetupwa bure kwa sababu yake.

Pima pengo kwa geji ya visahani. Kwa 1NZ-FE ni milimita 1.1, na buji za kawaida zinazoingia ni Denso K16R-U11 au NGK BKR5EYA-11. Tarakimu 11 mwishoni ndiyo pengo lenyewe. Buji za kawaida ukikuta zimefika 1.3, weka mpya nne. Huku kwetu usitegemee saa ya kilomita kujua umri wake, magari mengi yamefika na namba zisizoaminika, geji haidanganyi. Za iridiamu zinadumu zaidi sana, lakini ncha yake ni nyembamba na geji ikilazimishwa inaivunja. Mteja mwenye pesa kidogo akituuliza aanze na nini, tunamwambia buji nne mpya na bobini moja, kabla ya bobini nne juu ya buji zilizokwisha.

Buji mpya inaanzishwa kwa mkono, na soketi na kiungio tu bila mpini, mpaka iguse. Ikikataa mzunguko wa kwanza, rudisha nyuma, usilazimishe. Nyuzi za alumini zikiharibika hapo kazi ya dakika arobaini inageuka kazi ya siku mbili. Kwa kle ya kupimia, ni nyutoni-mita 18 kwenye 1NZ-FE. Kama huna, buji mpya yenye wosha inaongezwa nusu mzunguko baada ya kugusa, ya zamani inayorudi inaongezwa kidogo sana, kama sehemu moja ya kumi na mbili ya mzunguko. Ndani ya mdomo wa mpira wa bobini paka grisi ya silikoni, ukubwa wa punje ya mchele, uisambaze. Grisi ya beringi isitumike, inavimbisha mpira. Sukuma bobini mpaka uhisi imekaa juu ya buji, funga bolti kwa mkono mwepesi, kisha fishi mpaka ilie "tak". Isipolia haijafunga, hata kama motere inawaka vizuri.

Neno hilo la fishi linastahili kurudiwa. Barabara zetu za mawe ya lava zinapiga gari mfululizo, na fishi iliyovunjika kilimi inashikwa na kitu gani? Mara nyingi na kipande cha waya au utepe. Inachezacheza, pini zinalegea, mgusano unakatika mara kumi kwa dakika, na gari linaonyesha dalili zilezile za bobini mbovu. Tumebadilisha fishi moja na kuokoa bobini ambazo zilikuwa tayari kwenye orodha ya kununua. Kwa hiyo bobini ikihukumiwa, na fishi yake ihojiwe. Ina nyaya nne kwenye Toyota hizi: +B ya volti 12, ardhi, IGT inayoleta amri ya kalkilatere, na IGF inayorudisha jibu kwamba kazi imefanyika. Kontakti ikiwa wazi, +B isiwe chini ya batri kwa zaidi ya nusu volti. Ardhi ipimwe kwa ohimu, iwe chini ya 1. IGT ina mapigo ya volti 5 motere ikizunguka. Ijaribu kwa taa ya LED yenye rezista ya ohimu 1,000, kwa sababu balbu ya kawaida inavuta umeme mwingi na inaweza kuchoma kalkilatere, kifaa kisicholingana bei hata kidogo na bobini. Na usipoteze muda kupima ohimu za bobini yenyewe. Hizi zina elektroniki ndani, namba utakazopata hazikuambii kitu. Vipimo vya ohimu ni vya bobini za zamani zisizo na elektroniki.

IGF nayo ina mtego wake. Kwenye 1NZ-FE nyaya za IGF za bobini zote nne zimeunganishwa kuwa mmoja. Bobini moja iliyoungua ndani ikiushika waya huo kwenye ardhi, kalkilatere haioni jibu la yeyote, na unaweza kupata makosa ya silinda zote kwa wakati mmoja. Fundi asiyejua ananunua bobini nne au analaumu kalkilatere. Chomoa fishi za bobini moja baada ya nyingine. Ile ambayo ukiichomoa wenzake wanarudi ndiyo yenye hatia.

Pima na chaji pia. Motere ikizunguka, batri isome kati ya volti 13.5 na 14.5. Ikipita 15, regilata (kidhibiti chaji) ya alternata imekufa na bobini zinapikwa pole pole. Kuwasha gari kwa batri ya jirani huku nyaya zimegeuzwa kunaua bobini kwa sekunde moja. Kuchomelea chasi kunafanya vivyo hivyo, na hapa chasi zinachomelewa kila siku kwa sababu ya barabara: waya wa hasi wa batri utolewe kwanza, na ardhi ya mashine ya kuchomelea iwekwe karibu kabisa na pale panapochomelewa.

Kuhusu kununua, namba ndiyo inayotuongoza. Kwa 1NZ-FE ni 90919-02240, kwa 1ZZ-FE 90919-02239, kwa 2AZ-FE 90919-02244. Bado linganisha na namba iliyo juu ya bobini uliyotoa, urefu wa shingo na umbo la fishi, kwa sababu matoleo yalibadilika. Bandia zinakuja kwenye sanduku zuri lenye jina la kiwanda kikubwa. Ishike mkononi pamoja na ya zamani: bandia mara nyingi ni nyepesi, maandishi yamechapwa juu tu badala ya kuchimbwa, gundi ya juu ina mapovu, fishi inaingia ikicheza. Kati ya bandia mpya na okazyo (iliyokwishatumika) halisi iliyotoka kwenye motere nzima, tunachagua okazyo bila kusita. Ila ikague mchana peupe: ufa mwembamba shingoni, mpira uliogeuka mgumu, mstari wa kaboni, gundi iliyovimba, pini za kijani. Na patana na muuzaji kwamba utaijaribu ikiwa ya moto, juu ya motere yako, kabla ya biashara kuisha. Muuzaji mwaminifu anakubali.

Kazi ikiisha, rudisha batri, futa kosa, acha motere izunguke dakika kumi. Ralanti inaweza kuyumba kidogo kwa sababu kalkilatere imepoteza kumbukumbu yake, itatulia. Ondoka na mwenye gari, tafuta mlima, endesha dakika thelathini, soma skana tena. Ukibadilisha zote nne, mwambie achague moja kati ya zile za kwanza zilizokuwa bado zinapiga, aizungushie kitambaa kikavu, aiweke kwenye droo ya gari pamoja na kle ya 10 na tochi. Akikwama njia ya Rutshuru usiku, kubadilisha ni bolti moja na fishi moja.